Ndoo ya Mlangoni Imekwenda Wapi?

Mafundisho ya Jumamosi jioni, kama yalivyosomwa redioni
Somo: 2 Wafalme 5:1-14. Someni pia Marko 7:1-23 na Kumbukumbu la Torati 23:12-14.

Tunawasalimu wote mliotusikiliza, na ninyi pia mnaosoma karatasi hii kwa sababu saa ile umeme ulikatika, au mlikuwa shambani, au betri ya redio ilikwisha.

Leo tunazungumza juu ya tumbo. Tunajua wengine watacheka, na wengine watasema tumeacha Injili. Vumilieni kidogo. Katika mtaa wowote wa Goma, Bukavu au Uvira, ukiuliza mama aliyezika mtoto mchanga alimzika kwa sababu gani, mara nyingi atakujibu kwa maneno mawili: kuhara na kutapika. Jambo linalojaza makaburi ya watoto wetu haliwezi kukosa nafasi katika mahubiri yetu.

Mnakumbuka mwaka 2020. Tarehe 10 mwezi wa tatu, mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa Kinshasa. Siku nane baadaye Rais Tshisekedi alisimamisha masomo na ibada, na tarehe 24 akatangaza hali ya dharura. Milango ya makanisa ikafungwa karibu miezi mitano. Tuliomba nyumbani, familia kwa familia, na wengi walifuata ibada kwa redio. Tarehe 15 mwezi wa nane milango ilipofunguliwa, ndugu wa protokoli walitusimamisha hapo nje. Mask usoni, nafasi kati ya kiti na kiti, na kwanza kabisa ile ndoo yenye robine, maji ya klori, sabuni pembeni, beseni chini. Hata mchungaji hakupita bila kunawa.

Sisi wa Kivu ya Kaskazini ndoo ile haikutushangaza. Tuliijua tangu Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 na kumalizika tarehe 25 mwezi wa sita 2020, wakati Korona ilikuwa imekwisha kuingia. Mtu wa kwanza kupatikana na Ebola katika mji wa Goma, katikati ya mwezi wa saba 2019, alikuwa mchungaji aliyetoka Butembo. Mtumishi wa Mungu. Tangu siku ile tulinawa kwenye soko, kwenye masomo, kwenye barrière ya Gisenyi, kwenye mlango wa benki. Tulinawa mpaka ngozi ya vidole ikakauka.

Leo pita kwenye makanisa yetu Jumapili asubuhi utafute ile ndoo. Mahali pengine utaikuta nyuma ya jukwaa, imewekwa nyaya za vipaza sauti. Pengine mama mmoja ameipeleka nyumbani kuhifadhia unga, maana ni ndoo nzuri yenye kifuniko. Ukiuliza, utaambiwa, "Korona ilishaisha, ndoo ya nini tena?"

Hapo ndipo tunataka kusimama. Je, ndoo ile ilikuwa ya Korona?

Waganga walipokwisha kuujifunza ugonjwa ule, walituambia kwamba Korona hupita zaidi kwa pumzi. Mtu anaongea, anaimba, anakohoa, na mwenzake anavuta hewa ileile. Mikono ilikuwa na sehemu yake, lakini njia kubwa ilikuwa hewa. Magonjwa ya tumbo ni kinyume. Kolera, kuhara damu, taifodi, na virusi vinavyotapisha watoto hupita kwa mkono, kwa maji, kwa chakula na kwa nzi. Tuseme wazi, kama Biblia isemavyo mambo wazi: uchafu wa choo cha mtu mmoja unafika kinywani mwa mwingine. Mask ilikuwa inalinda kifua. Ndoo, bila sisi kuifikiria hivyo, ilikuwa inalinda tumbo.

Ushahidi wa wazi zaidi umetoka katika nchi ambazo huandika kila mgonjwa katika hesabu. Uingereza walilinganisha mwezi wa pili mpaka wa saba wa mwaka 2020 na wastani wa miaka mitano iliyotangulia. Milipuko ya magonjwa ya tumbo iliyoripotiwa ilishuka kwa zaidi ya nusu. Wagonjwa waliothibitishwa na maabara walipungua kwa karibu theluthi moja. Marekani, katika majimbo wanakofuatilia vijidudu vinavyoingia kwa chakula, mwaka 2020 ulikuwa na wagonjwa pungufu kwa asilimia 26 kuliko wastani wa 2017 mpaka 2019. Kuna kirusi kimoja kinachoitwa norovirus, ambacho kila majira ya baridi huangusha watu kwa kutapika katika mashule, katika hospitali na katika nyumba za wazee. Mwaka ule kilikuwa kama kimejificha.

Hakuna aliyekusudia jambo hilo. Serikali zile zilikuwa zinapigana na ugonjwa wa kifua, kumbe na magonjwa ya tumbo yanapungua.

Sasa sisi si watu wa kupenda kushangilia haraka. Mtu anayesikia hesabu kama hizi aulize: kweli ni sabuni? Wale walioandika hesabu wenyewe wanatuonya. Mwaka 2020 watu wengi waliogopa hospitali. Mtu aliyeharisha siku mbili alibaki nyumbani, hakupimwa, hakuandikwa. Kwa hiyo sehemu ya upungufu ni ya daftari tu. Tena mahoteli yalifungwa, masomo yalifungwa, ndege zilisimama, watu hawakula pamoja. Sabuni haikufanya kazi peke yake. Lakini magonjwa yanayopita kati ya mtu na mtu yalianguka sana, kuliko yale yanayotoka katika nyama isiyoiva vizuri jikoni mwa mtu mwenyewe. Hilo linatuonyesha kwamba njia kati ya mkono na mkono kweli ilikatwa.

Na hatua zile zilipoachwa, mgeni alirudi. Majira ya baridi ya 2024 kuingia 2025, norovirus ilienea Uingereza kwa wingi ambao haukuonekana huko kwa zaidi ya miaka kumi.

Turudi nyumbani. Katika Kongo yetu, mwaka 2019 wagonjwa wa kolera walioandikwa walikuwa kama 30,000, na zaidi ya 500 walikufa. Mwaka 2020 waliandikwa chini ya 20,000, na waliokufa karibu 300. Mtu akisikia hivyo atasema haleluya, ndoo imeshinda. Ngoja kwanza, ndugu. Katikati ya mwaka 2019, watu zaidi ya 800,000 katika Kivu ya Kaskazini walipewa chanjo ya kolera ya kunywa. Uvira nako walichanjwa mwaka 2020. Ndoo za Ebola zilikuwa zimewekwa kabla ya zile za Korona. Na kwetu, kama huko Uingereza, wako waliougua bila kufika kwenye kituo cha afya, kwa hofu ya kupelekwa kutengwa. Hatuwezi kukata keki hii na kusema kipande hiki ni cha sabuni, hiki ni cha chanjo. Tunachoweza kusema ni kwamba katika mwaka ambao watu walinawa kuliko miaka yote tunayoikumbuka, kolera haikupanda. Ilishuka.

Kisha ikaja tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Nyiragongo iliposhuka usiku ule, haikuunguza nyumba peke yake, iliharibu pia mitambo ya maji, na sehemu kubwa ya Goma ikabaki bila bomba. Mwaka uliofuata vita vikasukuma watu kutoka Rutshuru na Nyiragongo mpaka kando ya mji. Mnayajua majina: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala. Mwezi wa kumi na mbili 2022 kolera ikatangazwa huko Nyiragongo. Mwaka 2023 nchi nzima iliandika wagonjwa zaidi ya 50,000, waliokufa zaidi ya 400, na Kivu ya Kaskazini ilibeba sehemu kubwa ya mzigo huo.

Wazee wetu hawakuhitaji kuelezwa kolera ni nini. Walikuwapo mwezi wa saba 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipomiminika Goma, wakanywa maji ya ziwa kwa sababu hakukuwa na mengine. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi mmoja, wengi kwa kolera na kuhara damu. Walilazwa kando ya barabara wamefungwa katika mikeka. Ukiona mzee wa Munigi anachemsha maji hata ya kupigia meno, usimcheke.

Kwa hiyo hatuwezi kusimama hapa na kuwaambia watu, "Naweni mikono," kana kwamba kazi imekwisha. Kunawa kwa maji gani? Kule Uvira watafiti waliangalia miaka ya 2009 mpaka 2014. Waliandika siku ambazo bomba lilitoa maji na siku ambazo halikutoa, kisha wakahesabu watu walioingia katika kituo cha kutibu kolera. Waliona kwamba baada ya siku moja bila maji ya bomba, katika siku 12 zilizofuata wagonjwa walizidi mara mbili kulinganisha na wakati maji yalipokuwa ya kutosha. Karibu robo ya wagonjwa wa miaka ile inahesabiwa kwa upungufu huo wa maji. Kila anayesaini karatasi ya mradi wa maji, na kila anayekula pesa ya mradi wa maji, asikie hesabu hiyo. Tumemaliza na huyo, Bwana atamhukumu. Turudi kwetu sisi tusiosaini karatasi.

Naamani alikuwa jemadari wa Shamu. Mtu mkubwa, mwenye sifa, lakini mwenye ukoma. Alifika mlangoni kwa nabii Elisha na farasi na magari yake, akangojea jambo kubwa. Alitazamia nabii atoke, asimame, aite jina la Mungu wake, apunge mkono juu ya mahali pagonjwa. Elisha hata hakutoka nje. Alimtuma mjumbe kumwambia akaoge Yordani mara saba. Naamani alikasirika, akageuka aondoke. Mto ule ulikuwa mdogo machoni pake, kwao kulikuwa na mito bora zaidi. Watumishi wake ndio waliomtuliza. Walimwuliza kama nabii angemwambia jambo gumu asingelifanya, sembuse hili la kuoga tu.

Wapendwa, hasira ya Naamani tunaijua. Sisi Wapentekoste tunapenda jambo kubwa. Tukiambiwa tufunge siku 21 kwa ajili ya ugonjwa katika familia, tutafunga. Tukiambiwa tukeshe mlimani, tutapanda usiku na mablanketi. Na ni vema, hatulaumu maombi, hata karatasi hii imeombewa kabla ya kuchapwa. Lakini tukiambiwa tununue kipande cha sabuni ya franka chache tukiweke karibu na choo, tunageuza farasi. Ni jambo dogo mno, halina upako, tunaona ni kazi ya wazungu wa shirika.

Wako wanaotujibu kwa Maandiko. Wanasema, hata Bwana Yesu alitetea wanafunzi waliokula bila kunawa. Ndiyo, iko katika Marko 7. Lakini soma sura yote. Mafarisayo hawakuwa wanaogopa kuhara. Walinawa kwa desturi ya wazee ili waonekane safi mbele za Mungu, huku wakiacha baba na mama zao bila msaada na kuita kitu hicho sadaka. Bwana aliwakemea kwa ajili ya moyo. Alisema juu ya unajisi wa roho, hakutoa fundisho juu ya kolera. Yule anayetumia sura hiyo ili asinawe anapotoka chooni kumlisha mtoto, amefanya lilelile la Mafarisayo: ameshika neno moja la dini ili akwepe jukumu la nyumba yake.

Na kama tunataka Neno linalohusu choo, lipo. Kumbukumbu la Torati 23. Mungu aliwaagiza Waisraeli wawe na mahali nje ya kambi, na kila mtu awe na kijiti cha kuchimbia, achimbe na kufunika kinachomtoka. Sababu inayotolewa hapo ni kubwa: Bwana mwenyewe anatembea katikati ya kambi, asione kitu kichafu akawaacha. (Watu wa Goma mnaweza kulalamika kwamba Musa hakuwa na mawe ya volkano, maana kwetu ukichimba choo jembe linagonga jiwe tangu mpigo wa kwanza. Ni kweli, na ndiyo sababu vyoo vyetu vingi ni vifupi na hujaa haraka, na mvua ikinyesha kila kitu kinatembea. Hiyo inaongeza kazi ya mikono, haiipunguzi.)

Tuseme sasa jambo zito kuliko yote, ambalo limetufanya tuandike fundisho hili.

Mtu anaanza kutapika saa mbili usiku. Alikuwa mzima mchana, alikula kwenye matanga au kwa jirani. Saa nne usiku anaharisha maji meupe, miguu inakaza, macho yanaingia ndani. Na katika nyumba nyingi za Kivu neno la kwanza linalotoka si kolera. Neno la kwanza ni sumu. Karuho. Mtu ametegwa. Na swali la pili ni nani alimpa chakula. Badala ya kumbeba mgonjwa kwenda kituo cha afya, familia inakwenda kutafuta dawa ya kutapisha, au inamwita mtu wa kufunua, na wakati mwingine, tuseme kwa huzuni, anayefunua anajiita nabii. Anataja mwanamke mzee wa jirani, mjane, aliyeleta sahani ya sombe. Asubuhi mgonjwa amekufa na mjane anafukuzwa kwenye avenyu. Maiti moja, na nyumba ya pili imebomolewa.

Kolera inaua kwa saa chache kwa sababu mwili unakauka maji. Lakini mgonjwa akipewa maji hayo mapema, kwa kinywa au kwa serumu, katika mia hafi hata mmoja. Yule aliyetapishwa zaidi, kwa kuaminiwa kwamba anatolewa sumu, anaongezewa ukame juu ya ukame. Hatusemi kwamba hakuna watu wabaya duniani. Tunasema mapishi ya matanga, ambapo mikono ishirini inaingia katika sufuria moja na hakuna sabuni karibu, yanatosha kabisa kuangusha watu kumi usiku mmoja bila mchawi hata mmoja kuamka kitandani. Mchungaji anayeitwa usiku aombee mgonjwa wa namna hiyo, aombe akiwa anatembea, wakiwa wamembeba kwenda kituoni.

Hapa ndipo ile ndoo inarudi. Tuliiweka mlangoni, kwa sababu tulifikiri ugonjwa unaingia pamoja na mgeni. Kwa tumbo, mlango si mahali pake. Mahali pake ni pawili, karibu na choo na karibu na sufuria. Mtu akinawa anapoingia ibadani, kisha baada ya saa mbili akaenda msalani na kurudi bila kunawa, akamsalimia kila mtu kwa mkono na kumega mandazi ya watoto wa shule ya Jumapili, ile ndoo ya mlangoni haikumsaidia yeyote. Makanisa mengi yetu yana vyoo viwili kwa watu mia tatu, na hakuna tone la maji pale. Wakati wa konvensheni, watu wanapolala siku tatu, tunajua wenyewe hali inakuwaje siku ya pili.

Karachi, mji mkubwa wa Pakistani, kulifanyika jaribio katika mitaa maskini, yenye maji yasiyo safi kama yetu. Familia zilipewa sabuni na kutembelewa kila wiki kukumbushwa kunawa. Watoto wa familia zile walipungukiwa kuhara kwa karibu nusu, na wale wadogo chini ya miaka mitano walipungukiwa na pneumonia pia kwa nusu. Sabuni ya kawaida, si ya bei kubwa. Kwa hiyo mtu asiseme, "Tutangojea mpaka bomba lifike ndipo tunawe." Maji ya ziwa yasiyofaa kunywa, pamoja na sabuni, bado yanafaa kunawa kuliko kutonawa. Sabuni ikikosa kabisa, sugua na majivu. Maji ya kunywa ndiyo yasiguswe bila kuchemshwa au kuwekwa klori. Kule kando ya ziwa wanakotia klori katika bidoni, ngojeni nusu saa kabla ya kunywa, dawa ifanye kazi yake. Msimwage kwa sababu ya harufu. Harufu hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba dawa bado imo.

Neno juu ya ile jeli ya chupa ambayo wengi wamebaki nayo tangu Korona, kwa sababu inaingia katika mfuko na inanukia. Kwa Korona ilifaa. Kwa tumbo isikudanganye. Mkono wenye uchafu haisafishi, na norovirus haikiogopi kileo. Maji yanayotiririka na sabuni ndiyo yanayoondoa.

Na serumu ya nyumbani, andikeni, maana kila wiki tunaulizwa. Kama una pakiti ya SRO kutoka kituo cha afya, pakiti moja katika lita moja ya maji safi. Kama huna, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa, visiwe na kilima juu. Mtoto anayeharisha apewe kidogo kidogo, hata akitapika ngoja kidogo umpe tena, na aendelee kunyonya. Hiyo ni ya njiani, wakati mnampeleka. Haichukui nafasi ya kituo.

Limebaki swali la nani atabeba maji. Mwaka 2020 ndoo za kanisa zilijaa, na tukichunguza waliozijaza, walikuwa bamama. Mama ambaye alikwisha kupanda kutoka ziwani na bidoni ya lita 20 kwa ajili ya nyumba yake, alirudi tena kuleta ya kanisa. Bidoni ile ni kilo 20 mgongoni. Moja ya sababu ndoo zilikauka haraka Korona ilipopungua ni kwamba wale mama walichoka, na hakuna aliyewauliza. Kama tutarudisha ndoo halafu tuwarudishie wao mzigo peke yao, tutakuwa tumeongea bure, kufika mwezi wa pili itakuwa imekauka tena.

Tunapendekeza hivi kwa makanisa yanayotusikiliza, na kila kanisa lipange kwa hali yake. Vijana wa korali wana nguvu, na wengine wana pikipiki. Wako ndugu wenye chukudu ambao Jumamosi jioni hawana mzigo. Bidoni nne zifike kanisani kabla ya giza: mbili za chooni, moja ya wapishi, moja ya kunywa iliyotiwa klori na kuandikwa juu yake ili isichanganywe. Mashemasi watoe pesa ya sabuni katika sadaka ya matengenezo, na iandikwe katika daftari kama inavyoandikwa mafuta ya jenereta. Ndugu wa protokoli mmoja asimame karibu na msalani badala ya wote watano kusimama mlangoni na mashati meupe. Tunajua si nafasi ya heshima. Anayekubali nafasi hiyo atupigie simu kipindi kijacho, tutamtaja jina lake redioni pamoja na waimbaji.

Na ile ndoo iliyo nyuma ya jukwaa, mtoe nyaya, mwangalie robine kama haijavunjika. Mpira wake mdogo wa ndani ndio huoza kwanza, na huuzwa sokoni kwa wale wanaotengeneza mabomba.